Wasomaji wauliza: Jeki badala ya mashine ya chapa

SWALI: Assalaam alaykum. Hapa Langoni, Lamu, nafundisha vijana kuchapa picha kwa vibao vya kuchonga. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea fremu ndogo ya chuma yenye jeki ya gari ya tani 2, nasi huipakia mashuani tukaenda nayo hadi Shela. Tatizo, katikati ya picha wino hukoza na pembeni hufifia. Tununue jeki kubwa? Tena wino wa maji hutukaukia mapema, na wa mafuta tunausafisha kwa mafuta ya taa, vijana wanaumwa vichwa.
Mwalimu wa sanaa

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Jeki msibadilishe. Tani 2 juu ya A4 ni kama kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba. Juu ya A5 ni zaidi ya kilo 6. Kwa kibao cha mchongo zatosha. Kosa liko kwenye ubao wa kukandamizia: jeki hubana katikati tu, ubao hupinda, pembeni hapafikiwi. Jeki kubwa itaupinda zaidi. Gundisheni plaiwudi mbili za milimita 18, kisha kati ya jeki na ubao wekeni bamba la chuma nene, milimita 10, pana kiasi cha kiganja. Juu ya karatasi tandikeni magazeti matatu manne. Pakibaki pamefifia, bandikeni kipande cha karatasi nyembamba chini ya kibao, mahali hapo hapo. Na mkague kibao chenyewe kwa rula, maana unyevu wa pwani hupinda mbao. Kihifadhini chini ya kitu kizito.

Wino wa maji hukaushwa na upepo, basi fungeni dirisha la upande unakovuma. Ongezeni glycerini ya duka la dawa, matone 3 au 4 kwa kijiko cha chakula cha wino. Ikizidi, picha itanata siku nzima. Karatasi ipangusweni kwa sponji yenye maji kidogo. Ikilainika hunywa wino vizuri zaidi.

Mafuta ya taa yaacheni kabisa, hasa chumbani penye watoto. Kwangueni wino kwa kipande cha kadi, sugueni kwa matone ya mafuta ya kupikia, malizieni kwa kitambaa chenye sabuni ya vyombo. Mafuta yakibaki kwenye kibao, wino wa kesho hautashika. Jambo moja tunalisisitiza: vitambaa vyenye wino wa mafuta ya kitani (linseed) msivirundike. Hupata joto vikikauka na huweza kuwaka vyenyewe. Vianikeni nje vikiwa vimekunjuliwa, au vitieni kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Pakiti ya maziwa yaweza kuchapia?
Msomaji, Shela

JIBU: Yaweza, ile ya karatasi ngumu. Ioshe, ikwaruze kwa sindano upande wa ndani unaong'aa, jaza wino mikwaruzoni, pangusa juu. Jeki haifai hapa, kwani karatasi lazima isukumwe ndani ya mikwaruzo. Tumia mashine ya tambi ya mkono, karatasi ikiwa na unyevu na kitambaa kizito juu yake. Utapata nakala chache kabla mistari haijabonyea.