Maswali ya wasomaji: Nimeunganisha maktaba ya BLAS, mbona programu bado inajikokota?

Barua nyingi safari hii zinahusu BLAS, maktaba ya fanksheni za vekta na matriksi ambayo karibu kila programu kubwa ya kisayansi inaitegemea, hasa toleo lake la OpenBLAS. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nina programu ya C inayozidisha matriksi mbili za 2000 kwa 2000 kwa vitanzi vitatu. Niliambiwa OpenBLAS itaiharakisha. Nimeisakinisha na kuongeza -lopenblas kwenye amri ya kukompaili, lakini muda ni uleule. Kuna nini?

Ndugu msomaji, kuunganisha maktaba hakubadilishi kitu mpaka uiite. Kompaila ya C haivitambui vitanzi vyako vitatu na kuweka fanksheni ya maktaba mahali pake. (Kwa wanaotumia Fortran kuna nafuu: gfortran ikipewa -fexternal-blas, MATMUL ya matriksi zisizo ndogo huelekezwa BLAS.) Futa vitanzi, weka #include <cblas.h>, kisha andika:

cblas_dgemm(CblasRowMajor, CblasNoTrans, CblasNoTrans, m, n, k, 1.0, A, k, B, n, 0.0, C, n);

Hapa A ni m kwa k, B ni k kwa n, na C ni m kwa n. Fanksheni hii inakokotoa alfa (hapo juu ni 1.0) mara AB, kisha inajumlisha beta (hapo juu ni 0.0) mara C ya zamani. Beta ikiwa 0.0, kilichokuwemo ndani ya C hakisomwi, kwa hiyo huna haja ya kuisafisha kwanza. Ukiweka 1.0 bila kukusudia, jibu litarundikana juu ya takataka iliyokuwa kwenye kumbukumbu, na kosa hilo husumbua sana kulitafuta kwa sababu mara nyingine kumbukumbu mpya huwa na sifuri tupu na jibu likatoka sahihi.

Inafaa uelewe kasi inatoka wapi, maana ndiyo itakayokuongoza uite fanksheni ipi. Kazi yako ina operesheni bilioni 16 (2 mara n mara n mara n), lakini kila matriksi ni megabaiti 32 tu. Maana yake kila namba inatumika mara 2000. Kitanzi chako cha ndani kinashuka safuwima ya B, na kila hatua inaruka baiti 16,000. Prosesa nyingi huleta baiti 64 kwa mpigo kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Wewe unatumia 8, na zilizobaki mara nyingi zinaondolewa kwenye kashe ya karibu zaidi (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) kabla hujazirudia. Maktaba huzikata matriksi vipande vinavyoenea kwenye kashe, ikavipanga upya vifuatane, kisha ikavitumia mpaka viishe kazi ndipo ivitoe. Ndiyo sababu ukiita ddot (fanksheni ya BLAS inayozidisha vekta mbili kipengele kwa kipengele na kujumlisha) mara milioni nne, moja kwa kila kipengele cha C, faida itakuwa ndogo: ddot inapewa vekta mbili tu na haina nafasi ya kupanga lolote. Mpe dgemm kazi nzima kwa mara moja.

Amri iwe hivi, maktaba ikija mwisho:

gcc -O2 zidisha.c -o zidisha -lopenblas

Ukiitanguliza -lopenblas, kwenye baadhi ya mifumo ya Linux utapata "undefined reference to cblas_dgemm", kwa kuwa wakati maktaba inasomwa hakuna faili lililokwisha kuihitaji. Baada ya hapo hakikisha ni maktaba ipi inayotumika kwa ldd zidisha | grep blas. Kwenye Debian na jamaa zake, ukiwa umeandika -lblas, kinachotumika kweli ni libblas.so.3, nalo huchaguliwa kwa update-alternatives. Linaweza kuwa toleo la marejeo, ambalo majibu yake ni sahihi lakini halina kasi unayoitafuta. Tumeona watu wakiilaumu BLAS kumbe hawajawahi kuiendesha OpenBLAS hata mara moja.

Naita dgemm_ moja kwa moja kutoka C. Matriksi za mraba zinatoa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote. A ikiwa 5 kwa 3, napata "On entry to DGEMM parameter number 8 had an illegal value". Nimekosea wapi?

Hesabu yako haina kosa. Mpangilio ndio tatizo. dgemm_ ni ya Fortran, na Fortran huhifadhi matriksi safuwima baada ya safuwima, wakati C huhifadhi safumlalo baada ya safumlalo. Chukua matriksi ya 2 kwa 3 yenye 1 2 3 juu na 4 5 6 chini. Kwenye kumbukumbu ya C zimekaa 1 2 3 4 5 6. Fortran ikiambiwa hiyo ni 2 kwa 3, itasoma safuwima (1,2), (3,4), (5,6), yaani 1 3 5 juu na 2 4 6 chini. Ikiambiwa ni 3 kwa 2, itaona safuwima (1,2,3) na (4,5,6): matriksi yako ileile, lakini imegeuzwa safumlalo kuwa safuwima.

Matriksi za mraba zina hatari zaidi kwa sababu vipimo vyote vinalingana na hakuna cha kukaguliwa. Unaomba AB, unapewa BA kimyakimya. Hiyo 5 kwa 3 imekuokoa: hoja ya nane ni lda, umbali kati ya safuwima moja na inayofuata, nayo haiwezi kuwa chini ya idadi ya safumlalo. Umeweka 3, Fortran inataka 5 au zaidi.

Usiigeuze matriksi kwa mkono. Kwa kuwa AB ikigeuzwa ni B iliyogeuzwa mara A iliyogeuzwa, badilisha tu nafasi zao:

dgemm_("N", "N", &n, &m, &k, &alfa, B, &n, A, &k, &beta, C, &n);

Kila hoja ni kielekezi, hata namba moja. Ukiwa huna sababu maalumu ya kutumia dgemm_, tumia cblas_dgemm. Inabadilisha nafasi hizo yenyewe.

Programu yangu ina nyuzi (threads) 16 za OpenMP, mfumo wa kugawa kazi kwa viini vingi, na kila uzi unaita dgemm. Kwenye mashine ya viini 16 inakwenda polepole kuliko ikiwa na uzi mmoja.

OpenBLAS nayo huanzisha nyuzi zake, kwa kawaida kulingana na idadi ya viini. Toleo lililojengwa kwa pthreads (nyuzi za kawaida za mfumo, zisizo za OpenMP) halijui kwamba tayari umo ndani ya eneo la OpenMP, hivyo nyuzi zako na zake zinagombania viini vilevile na kungojana. Jaribu kwanza:

OPENBLAS_NUM_THREADS=1 ./programu

Mwendo ukirudi, umempata mchawi. Kuanzia hapo amua nani agawe kazi. Matriksi zikiwa nyingi na ndogo, gawa wewe na uiache maktaba na uzi mmoja. Zikiwa chache na kubwa, ondoa OpenMP kwenye sehemu hiyo na uiachie maktaba viini vyote. Debian ina vifurushi tofauti vya pthread, openmp na serial. Ule wa openmp hutambua eneo sambamba na kujibana wenyewe.

Kwa matriksi za 3 kwa 3 au 4 kwa 4, usiite BLAS kabisa. Ukaguzi wa hoja peke yake unaweza kuchukua muda mrefu kuliko hesabu, na kompaila itakufanyia vizuri zaidi ukiandika kitanzi chenye vipimo vinavyojulikana.

Nikifika n = 50000 programu inaanguka. Je, nihitaji OpenBLAS ya biti 64?

Huenda hapana. Angalia malloc yako kwanza. Ukiandika malloc(n*n*sizeof(double)) na n ni int, n*n hukokotolewa kwanza kwa biti 32. Bilioni 2.5 haienei ndani ya 2,147,483,647. Andika (size_t)n*n*sizeof(double), fanya vivyo hivyo kwenye kila fahirisi kama A[(size_t)i*n+j], na ukague kama malloc imerudisha NULL, kwani matriksi moja tu inataka gigabaiti 20.

Toleo la biti 64, yaani lililojengwa kwa INTERFACE64=1, linahitajika pale kipimo kimoja au urefu wa vekta unapozidi kikomo hicho. Ukilichanganya na msimbo unaopitisha int za kawaida kwa vielekezi, maktaba itasoma baiti nne zisizo zako.

Majibu ya maktaba yanatofautiana na yangu kwenye tarakimu za mwisho. Lipi sahihi?

Yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Kujumlisha kwa kompyuta kunategemea mpangilio: kwa double, (10^16 + 1) − 10^16 inatoa 0, lakini (10^16 − 10^16) + 1 inatoa 1. Maktaba hujumlisha kwa mpangilio wake. Usilinganishe kwa ==; pima tofauti ukiigawa kwa ukubwa wa namba zenyewe.

Nitafute inverse ya A ili nitatue Ax = b?

Usiitafute. Ita LAPACKE_dgesv, fanksheni ya LAPACK (maktaba ya kutatua milinganyo inayotegemea BLAS), ambayo hugawa A kwa LU, yaani kuwa matriksi ya pembetatu ya chini (L) na ya juu (U), na kutatua moja kwa moja. Mgawanyo huo unagharimu operesheni kama theluthi mbili za n mara n mara n, wakati inverse nzima inagharimu mara tatu yake, na kwa kawaida jibu lake huwa na usahihi mdogo zaidi. Kumbuka A yako itafutwa na LU kuandikwa mahali pake, na b itageuka kuwa jibu; nakili kwanza kama bado unazihitaji. Namba inayorudishwa ikiwa chanya, kwenye mlalo mkuu wa U kuna sifuri kamili na hakuna jibu lililokokotolewa. Ikiwa hasi, kwa mfano −4, hoja ya nne ndiyo yenye kasoro.