Kengele 25, wapigaji wanane

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo Minneapolis, Marekani. Kanisani kwetu tuna kengele za mikono za oktava mbili na wapigaji wanane. Aliyekuwa akituongoza amehama, nami nikaachiwa kwa kuwa niliwahi kuimba kwaya Moshi. Krismasi tunatakiwa kupiga nyimbo tatu. Kabati limejaa nakala, sijui nianzie wapi. Je, tenzi zetu za Kiswahili zinapigika?
Msomaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina la wimbo liache kwanza. Fungua ukurasa wa mwanzo, tazama juu: utakuta nota zisizo na mikia, zimepangwa kutoka ya chini hadi ya juu. Hizo ndizo kengele zote zinazotakiwa. Zako 25 zinatoka G4 hadi G6 (herufi ni jina la nota, namba ni oktava yake), soma kwenye mipini. Nakala inayodai C4 ni ya wenye kengele 37, yaani oktava tatu, irudishe kabatini. Ila kama imeandikwa oktava mbili au tatu, nota zilizo kwenye mabano ziruke tu. Ukiona daraja la ugumu, chukua 1. Ya 2 ingoje Pasaka.

Sasa angalia kama wimbo unabadili ufunguo. Sisi tuliolelewa na solfa, yaani do-re-mi, tunajua do inahama, na koo linaifuata bila shida. Kengele haihami. Ukitoka C kwenda D, mi sasa ni F-shapu, kwa hiyo mwenye F aiweke chini na kuokota nyingine, glavu mkononi, huku wenzake wakiendelea. Mwaka wangu wa kwanza Pennsylvania nilichagua wimbo uliopanda ufunguo ubeti wa mwisho. Mzee mmoja hakuwahi kubadilisha, akapiga F yake kwa moyo wote mpaka Amina. Watu walimtazama yeye, na mchaguzi nilikuwa mimi.

Kengele ikishapigwa hulia mpaka uizime begani. Mapambio ya haraka yatakutoa jasho, kila nota inaikanyaga mwenzake. Tafuta nota ndefu.

Nyumbani, chukua penseli uhesabu kila mtu anapiga mara ngapi. Kuna nyimbo ambazo dada wa mwisho mezani hupiga mara nne tu. Huyo mazoezi ya tatu hamwoni.

Tenzi zinapigika, tena vizuri, maana nyingi zina sauti nne na mwendo wa taratibu. Ziandike upya kwenye mistari mitano, kwa kuwa solfa haimwambii mtu aokote kengele ipi. Tatizo ni besi: itashuka chini ya G4 yako. Ipandishe oktava moja, na pale inapogongana na teno, iondoe. Nasema hivyo kwa uchungu, mimi mwenyewe ni besi.