Chubwi kunasa mwambani ukivua chewa kwa kayaki

Ndugu, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) linanasa kwa sababu upepo unasukuma kayaki na mshipi unaburuzwa juu ya mawe. Lifunge mwishoni kwa uzi dhaifu: mshipi unaohimili kilo 20, uzi unaokatika kwa kilo 6 hivi. Likinasa, unapoteza chubwi tu. Ndoana ikae sentimita 40 juu yake. Ikinasa ndoana yenyewe, usivute wima. Piga kasia upite upande wa pili, uvutie huko. Chubwi likigusa chini, pandisha mara moja dhiraa mbili. Chewa akila, mita mbili za kwanza usimlegezee hata kidogo, maana akiingia pangoni anatanua mashavu na hatoki. Enda maji mafu (maji yanapopanda na kushuka kidogo), bamvua (yanapojaa na kupwa sana) ni kujisumbua. Na nanga usifunge ubavuni, mkondo utakupindua. Funga omo (mbele) au tezi (nyuma).