Jibu: Nywele kunyonyoka baada ya dengue

Pole sana dada. Umesema umepona homa ya dengue miezi miwili sasa, na ukichana nywele zinatoka mafungu. Mimi yalinipata hayohayo mwaka 2019, dengue ilipoikumba Dar. Nililia kila nikitazama kitana.

Kwanza mwombe mtu akukague kichwani. Zikipungua kote bila mabaka, vidonda wala magamba, huenda ni ile homa. Nywele hudondoka miezi 2 hadi 3 baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Ukiona mabaka, muone daktari wa ngozi.

Mimi nilifumua rasta, nikaacha dawa ya kulainisha nywele, nikapima wingi wa damu (ulikuwa chini, nikapewa vidonge). Vinyweleo vipya vilichomoza mwezi wa tano tangu niugue. Mafuta ya kukuzia sijayatumia, siwezi kuyasemea.