Maswali ya Wasomaji: Je, Kontua Zinaweza Kufundishwa Ndani ya Ulimwengu Pepe?

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Mbagala. Wanafunzi wangu hukariri maana ya kontua, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, lakini ukiwapa ramani hawauoni mlima ndani ya mistari ile. Nimesikia kuwa wapo walimu wanaofundishia katika ulimwengu pepe wa pande tatu, yaani mandhari ya kompyuta ambamo mtu hutembea na kujenga. Maabara yetu ina kompyuta chache kuukuu, na fedha za bando hatuna. Je, nijaribu?
Mwalimu, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Jaribu, kwa sababu umechagua mada inayostahili. Ulimwengu pepe una faida kubwa pale ambapo umbo, kimo na umbali ndivyo somo lenyewe. Kumwingiza mwanafunzi humo kwa sura ya avata, yaani kikaragosi kinachomwakilisha kwenye kompyuta, kisha kumketisha asikilize mhadhara, ni kupoteza umeme. Baadhi ya vyuo vilijenga kumbi za mihadhara ndani ya Second Life, ulimwengu uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani, na kumbi hizo zikabaki tupu.

Tumia Luanti, programu ya bure ya ulimwengu pepe, ambayo hadi mwaka 2024 ilijulikana kama Minetest. Haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi, na ukishaipakua pamoja na mchezo mmoja wa ujenzi, kompyuta moja inaweza kuwa seva, yaani ile inayoubeba ulimwengu wenu, na nyingine zikaunganishwa nayo kwa ruta au kebo, bila intaneti.

Ndani yake karibu kila kitu ni bloku, yaani mchemraba, na kila bloku huhesabiwa kuwa na urefu wa mita moja. Wape wanafunzi watatu kilima kimoja, uwaagize wakizunguke na kubadili bloku za kila ngazi ya tano ziwe nyeupe. Wakimaliza, warushe avata juu ya kilele na kutazama chini moja kwa moja: mikanda ile myeupe itaonekana kama mistari, imebanana upande wenye mteremko mkali na kuachana upande wa mteremko wa taratibu. Waichore daftarini, kisha mchoro huo upewe kundi jingine ambalo halijakiona kilima, likijenge upya kwa kufuata mistari peke yake. Hapa ndipo utakapojua nani anaelewa na nani anakariri, na mabishano yatakayozuka wakati wa kulinganisha vilima viwili usiyakatize, maana ndiyo kujifunza kwenyewe. Wakishazoea, wajenge bonde lililo mfano wa Mto Msimbazi, waseme maji yakipanda mita mbili yatafika wapi. Watoto wa Dar es Salaam wanaoijua Jangwani inavyofurika wakati wa masika hawatahitaji kuelezwa kwa nini swali hilo lina uzito.

Omba vipindi viwili vinavyofuatana, kwani cha kwanza kitaishia katika kujifunza kutembea. Angalia pia nani ameshika mausi: usipopanga zamu, wavulana wataishika hadi kengele ilie, na wasichana watabaki watazamaji. Kila mnapomaliza, nakili folda ya ulimwengu wenu kwenye flashi, kwa sababu umeme ukikatika vibaya kazi inaweza kupotea.

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 anataka kujiunga na Second Life ili afanye mazoezi ya Kiingereza na wageni. Nimruhusu?
Mama, Tabata

JIBU: Hapana, mama yangu. Ni kweli kwamba walimu wa lugha wameutumia ulimwengu huo kwa miaka mingi, kwa kuwa mwanafunzi hulazimika kuongea ili aelekezwe njia au auziwe kitu. Hata hivyo, wengi waliomo ni watu wazima, na zipo sehemu ambazo hazimfai mtoto. Mwalimu wake wa Kiingereza akishirikiana na mwenzake wa Mbagala, darasa zima linaweza kujenga soko ndani ya Luanti na kuuziana bidhaa kwa Kiingereza, mwalimu akiwa chumbani anasikia kila neno.