Arosto ya kafeini ina mwisho, usikate tamaa katikati

Ukiacha kahawa ghafla, kichwa hakianzi kuuma saa hiyohiyo. Arosto ya kafeini, yaani taabu inayompata mtu mwili unapokosa kichangamshi hicho cha kahawa uliokizoea, huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali zaidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua. Kwa wengi huisha ndani ya siku 2 hadi 9. Naanza na hesabu hizi kwa sababu ndizo zilizonishikilia nilipoacha. Wengi hurudia kahawa siku ya pili au ya tatu wakiamini hiyo ndiyo hali watakayoishi nayo bila kafeini, kumbe wamerudi nyuma pale pale mlima ulipoishia.

Ubongo una kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi inapokaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inazojishikiza. Kafeini huwahi kukalia vipokezi hivyo, usingizi ukakosa mlango. Ukinywa kila siku, ubongo hujirekebisha kwa kuongeza vipokezi. Sasa iondoe kafeini: adenosini inakuta nafasi tele, nawe unalemewa na uchovu ambao hata kulala mchana hakuumalizi. Mishipa ya damu ya kichwani nayo, iliyokuwa ikibanwa na kafeini, inatanuka, na hapo kichwa kinaanza kugonga. Kwa hiyo usijilaumu kuwa mvivu au dhaifu. Ni mwili unaojipanga upya.

Kichwa, hata hivyo, hakikunisumbua kama moyo ulivyonisumbua. Nilikuwa na huzuni isiyo na sababu, hasira za karibu, na akili iliyogoma kushika jambo. Nikisoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki cha juu. Hili halisemwi vya kutosha. Watu huonywa kuhusu kichwa tu, basi huzuni ikija wanadhani maisha yao ndiyo yameharibika. Kilichonisaidia ni kuwaambia mapema watu wa nyumbani kwamba kwa siku kadhaa nitakuwa mkimya na mwepesi wa kukasirika, na kutofanya uamuzi wowote mzito ndani ya wiki hiyo. Kutembea nje asubuhi, kwenye mwanga, kulinichangamsha kuliko kukaa kitandani.

Kama huna haraka, punguza kidogo kidogo. Kata robo ya unachokunywa, kaa hapo siku kadhaa mpaka mwili uzoee, kisha kata tena. Arosto itakuwa nyepesi, pengine usiione kabisa. Lakini hesabu kila kitu kwanza. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 kina takriban miligramu 95 za kafeini, chai ya rangi karibu nusu ya hapo, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250 lina kama 80, na soda za kola nazo zimo. Hata anayepata miligramu 100 tu kwa siku anaweza kupata arosto, kwa hiyo mnywaji wa chai asijione yuko salama.

Soma pia pakiti ya dawa ya maumivu kabla ya kuimeza. Baadhi ya dawa za kichwa zimechanganywa na kafeini. Zitakutuliza haraka, kwa sababu zinakurudishia kile kile unachokiacha. Tafuta isiyo nayo, ufuate kipimo, na usiifanye ya kila siku, maana dawa za maumivu zikizidi huleta maumivu ya kichwa zenyewe. Maji nayo yanywe ya kutosha. Choo kinaweza kuwa kigumu, kwa kuwa kahawa huamsha utumbo. Matunda, mboga na kutembea vitasaidia.

Usingizi wa usiku ndio ulionifanya nisirudi. Kafeini ya mchana hubaki mwilini muda mrefu: baada ya saa 5 hivi, karibu nusu yake bado imo. Nilipoacha, kulala kukawa kulala kweli.

Kuna watu wasiopaswa kuacha bila kuzungumza na daktari. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, ni mmoja wao, kwani kuacha kafeini ghafla kunaweza kupandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu. Mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku, kwa hiyo kwake kupunguza kuna maana kubwa, ila apunguze taratibu na amwambie mhudumu wake wa kliniki. Na kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu usizowahi kuzipata, au kikija na homa, shingo kukakamaa, au mkono kupoteza nguvu, usiseme ni arosto. Nenda hospitali mara moja.