Ndoo sita hazikuenea kwenye roshani

Mfumo wangu wa kwanza wa haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo, ulikuwa na ndoo sita za lita 20, zimeunganishwa kwa mabomba hadi kwenye pipa la virutubisho, na pampu ikizungusha maji usiku na mchana. Wakati huo nilikuwa na ua. Nilipohamia chumba chenye roshani inayoenea kiti kimoja na kamba ya nguo, kilichonitisha zaidi ya nafasi ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo sita zikijaa ni kilo 120, na hapo pipa bado. Sikuthubutu.

Basi nikapunguza kila kitu kwa mkupuo. Ndoo zikawa vindoo vya lita 4, mabomba yakawa membamba, pipa likawa dumu. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni mmea: nilibaki na nyanya zangu.

Wiki za mwanzo nilijiona fundi. Miche ilipofika kiunoni mambo yakageuka. Asubuhi najaza, jioni nikifunua kifuniko nakuta mizizi inaning'inia na maji yako chini kabisa. Mnyanya mkubwa siku ya joto hunywa lita 2 au zaidi. Kwenye ndoo ya lita 20 hilo ni gao dogo. Kwenye kindoo cha lita 4 ni nusu ya maji yote. Tena mmea wakati wa joto hunywa maji haraka kuliko unavyokula madini, kwa hiyo maji yanayobaki yanazidi kuwa makali. Ncha za majani zikaanza kuungua. Mimi nikadhani mmea una njaa, nikaongeza mbolea! Hapo nilipaswa kuongeza maji matupu.

Joto nalo likamalizia. Kindoo kidogo hupata moto kabla ya saa sita mchana, na maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi lita moja hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5. Maji ya vuguvugu yenye hewa haba ndiyo yanayopendwa na vimelea vya Pythium, vinavyoozesha mizizi. Nilivuta mche mmoja, mzizi ukachomoka ganda lake mkononi kama soksi iliyolowa, wa kahawia, unanuka tope la bwawani. Kwa kuwa vindoo vilikuwa vimeunganishwa, vyote vilikunywa maji yaleyale. Nilipoteza vyote ndani ya wiki moja.

Siku hizi naanza na mmea, ndoo inafuata. Majani kama letusi, mrehani na nanaa yanakaa vizuri kwenye lita 4. Nyanya au pilipili naotesha mche mmoja tu, kwenye ndoo ileile ya zamani ya lita 20, na siipunguzi hata kidogo. Mabomba nimeyatupa. Kila ndoo inajitegemea, ikiugua inaugua peke yake.

Vindoo vya majani havina pampu kabisa. Natumia njia ya Kratky, iliyopewa jina la mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unajaza maji hadi yaguse sehemu ya chini ya kikopo chenye matundu, unapanda, kisha unaacha. Maji yanavyoshuka, pengo la hewa linakua, na mizizi ya juu inavuta hewa hapo. Mkono utakuwasha kujaza tena hadi juu, usijaze. Mizizi iliyokwisha kuzoea hewa ukiizamisha inakosa pumzi. Letusi moja humaliza maisha yake kwa takriban lita 4, kwa hiyo mara nyingi sijazi hata mara moja.

Ile ndoo kubwa bado ina pampu ndogo ya hewa na jiwe lake la kutoa mapovu ndani ya maji. Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji. Yangu niliiweka sakafuni, umeme ukakatika usiku, maji yakarudi kupitia mpira hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi ya waya wa kuongezea. Niliamka nikakanyaga maji gizani. Kama hakuna pa kuining'iniza, funga vali ya kuzuia maji yasirudi. Na kwa anayelala chumba hichohicho: iweke juu ya kipande cha sponji, mngurumo utapungua sana.

Vipimo havibadiliki kwa sababu ndoo ni ndogo. pH, yaani uchachu wa maji, iwe kati ya 5.5 na 6.5, na EC, yaani wingi wa madini kwenye maji, iwe karibu 1 (mS/cm) kwa majani na 2 hadi 3 kwa nyanya iliyokomaa. Kinachobadilika ni ukali wa kosa. Tone moja la asidi ambalo pipa halikulisikia linaweza kuyumbisha kindoo kizima. Ndiyo maana sichanganyi ndani ya kindoo: nachanganya lita 10 kwa pamoja, napima mbolea kwa sirinji na si kwa kijiko, kisha nagawa. Mbolea yangu iko kwenye chupa mbili, A na B: ya A inaingia kwanza, nakoroga, ndipo B. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, ikatulia chini kama chokaa, na mmea haupati kitu.

Vindoo vyangu vilikuwa vyeupe, vinapitisha mwanga, na mwani ukaota hadi kwenye kuta. Nilivipaka rangi nyeusi kuzuia mwanga, halafu nyeupe juu yake ili visichemke juani. Viko sita kwenye rafu, nasia mbegu za letusi kila wiki, kila Jumamosi kimoja kiko tayari. Ndoo ya nyanya iko pembeni, na kiti nimekitoa.